Alamu Haifungi Mlango, Inatuma Salamu Tu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida letu hujaa mashairi, hadithi fupi na vitendawili, nami huyasoma yote kutoka jalada la mbele hadi la nyuma. Mwaka huu nimeona nibebe mzigo wa namna nyingine. Nataka kueleza jinsi alamu ya gari inayonunuliwa dukani inavyounganishwa na sentaloki, yaani ule mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja ambao gari lilikuja nao kutoka kiwandani.

Najua wako watakaouliza, "Hayo na Kiswahili ni wapi na wapi?" Jibu langu ni fupi. Mafundi wanaofanya kazi hii hapa Nakuru hawafundishani kwa Kiingereza. Wanafundishana kwa Kiswahili, asubuhi mpaka jioni, vichwa vikiwa chini ya dashibodi. Ikiwa lugha yetu inatosha kutengeneza gari, basi inatosha pia kueleza gari linavyotengenezwa.

Mimi mwenyewe si fundi. Ni mwanafunzi wa kutwa, na Jumamosi pamoja na wakati wa likizo humsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa umeme wa magari kwenye yadi ya jua kali. Kazi yangu kubwa ni kushika tochi, kukwangua kutu kwenye vichwa vya betri na kutumwa fyuzi dukani. Lakini mshika tochi huona, na asiyeona haya kuuliza hujifunza.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Simama kidogo kando ya Kenyatta Avenue uhesabu magari yanayopita. Utaona Probox, Fielder, Vitz na Premio hata uchoke. Mengi yao yaliundwa Japani, yakatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha yakashushwa katika bandari ya Mombasa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo gari linapofika hapa si jipya, na linapofika kwa mnunuzi wa pili au wa tatu kule Njoro, Subukia au Rongai, mara nyingi rimoti yake ya kiwandani imeshapotea au imekufa. Milango bado inajifunga yote kwa pamoja ukibonyeza swichi ya dereva, ila hakuna rimoti wala king'ora.

Basi mwenye gari huenda kwenye duka la vipuri, akanunua alamu iliyo ndani ya boksi, akampelekea fundi. Ndani ya boksi mna karatasi ya maagizo iliyojaa michoro midogo midogo na Kiingereza cha kuungaunga. Hapo ndipo kazi huanza, na hapo ndipo makosa huanza pia.

Kwa familia nyingi za huku kwetu, gari si fahari. Gari ni shamba. Hubeba maziwa, viazi, abiria na watoto wa shule. Likiibwa, karo imeibwa. Likiungua, mkopo wa chama hauungui nalo. Kwa hiyo ni vizuri sote tujue kazi hii inavyopaswa kufanywa, hata kama hatutashika koleo maishani.

Sentaloki hufanyaje kazi?

Ndani ya kila mlango, nyuma ya ule ubao wa plastiki, kuna mota ndogo yenye meno ya gia. Ukiipa stima upande mmoja, inazunguka na kuvuta kifyungio: mlango unafungwa. Ukigeuza chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, mota inazunguka kinyume: mlango unafunguka. Ni mota ileile na nyaya zilezile mbili. Kinachobadilika ni mwelekeo wa stima peke yake.

Nani basi hugeuza huo mwelekeo? Katika magari mengi ya Kijapani kuna kisanduku kidogo cha udhibiti, nacho ndicho ubongo wa sentaloki. Dereva akibonyeza swichi au akizungusha ufunguo mlangoni, swichi haipeleki nguvu ya mota. Inapeleka ishara tu kwa kisanduku: "Funga!" au "Fungua!" Kisanduku kikishaisikia ishara, chenyewe ndicho kinachopeleka nguvu kwa mota zote nne kwa nusu sekunde hivi.

Shika jambo hilo moja, msomaji, kwani mengine yote yananing'inia hapo. Alamu tunayoifunga haifungi mlango wowote. Kazi yake ni kutuma ishara ileile ambayo swichi ya dereva ingetuma. Fundi mzuri ni yule anayeiuliza gari kwanza, "Wewe huongea lugha gani?" Fundi mbaya huunganisha kwanza, kisha akaangalia kitakachotokea.

Rilei: mlinda lango

Ukiifungua boksi ya alamu utakuta ubongo wa alamu, king'ora, rimoti mbili, kitaa kidogo cha kumetameta kwenye dashibodi, kihisi cha mtikisiko na fungu la nyaya za rangi nyingi. Kilichofichika ndani ya ubongo ni rilei. Wenzangu wa Fizikia mnakumbuka rilei tangu Kidato cha Pili, tulipofundishwa sumaku-umeme. Waya uliozungushwa kwenye chuma hupitishiwa stima kidogo, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta ulimi wa bati, na ule ulimi unaunganisha saketi nyingine yenye nguvu kubwa zaidi.

Tuupigie hesabu kidogo. Rilei ya kawaida ya gari ina koili yenye ukinzani wa takribani ohm 80. Betri ni volti 12. Kwa kanuni ya Ohm, 12 gawa kwa 80 ni ampea 0.15. Mota nne za milango zikivuta pamoja zaweza kufika ampea 10. Maana yake ni kwamba ampea 0.15 inaamuru nguvu iliyo kubwa kuliko yenyewe mara zaidi ya 60. Ni kama mlinda lango mwembamba anayefungulia lori la mahindi.

Kila rilei ya kufungia milango huwa na sehemu tatu za kuunganishia. Ya kwanza ni ule ulimi wenyewe. Ya pili naiita kituo cha mapumziko, yaani mahali ulimi unapokaa rilei ikiwa imelala. Ya tatu ni kituo cha kazi, yaani mahali ulimi unaporukia rilei ikiamka. Alamu huwa na rilei mbili za milango, moja ya kufunga na moja ya kufungua, kwa hiyo fundi hukabidhiwa nyaya sita. Nyaya hizo sita ndizo huwatoa watu jasho.

Lugha tatu za milango

Magari huongea lugha tatu kubwa.

Ya kwanza ni lugha ya hasi. Hii ndiyo ya Toyota nyingi za Kijapani na ndugu zake. Bodi lote la gari ni hasi, kwa sababu ncha ya hasi ya betri imefungwa kwenye chuma. Swichi ya dereva ikigusisha waya wa "funga" kwenye bodi kwa muda mfupi, kisanduku kinafunga milango. Hapa ulimi wa rilei ya alamu huungwa kwenye waya wa gari, kituo cha kazi huungwa kwenye bodi, na kituo cha mapumziko huachwa bure huku ncha yake ikizibwa kwa tepu.

Ya pili ni lugha ya chanya. Mpango ni uleule, isipokuwa kituo cha kazi huungwa kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi. Kisanduku cha gari la namna hii husubiri kupokea volti 12 ndipo kitende.

Ya tatu ni lugha ya kugeuza. Gari la aina hii halina ubongo. Swichi yenyewe ndiyo hubeba nguvu yote ya mota na kugeuza chanya na hasi. Hapa inabidi kila mmoja wa zile nyaya mbili ukatwe katikati. Upande unaokwenda kwa mota huungwa kwenye ulimi, upande unaotoka kwenye swichi huungwa kwenye kituo cha mapumziko, na kituo cha kazi hupewa chanya yenye fyuzi. Rilei ikiwa imelala, swichi ya dereva hufanya kazi kama zamani. Ikiamka, inapenyeza nguvu yake yenyewe.

Kuna na vikongwe vingine, kama baadhi ya Mercedes za zamani, ambavyo hufunga milango kwa pampu ya hewa. Pampu hiyo huhitaji ishara ndefu ya sekunde tatu na nusu hivi, na alamu nyingi zina mahali pa kuchagua urefu wa ishara. Mota za kawaida zisipewe ishara hiyo ndefu, kwa kuwa mota iliyofika mwisho ikaendelea kusukumwa hupata joto bure. Magari mapya zaidi nayo yanatumiana habari kama kompyuta, waya mmoja ukibeba ujumbe mwingi. Huko rilei peke yake haitoshi, na fundi asiyejua asiguse.

Usiamini rangi

Sasa fundi atajuaje gari lake huongea lugha gani? Vijana wengi hutazama rangi. Mwingine atakuambia, "Hii ya kijani ndio ya kufunga, niliona kwa Fielder ya jana." Mjomba husema, "Rangi ni ya mchoraji. Mita ndiyo shahidi." Rangi hubadilika kutoka gari hadi gari, hata kutoka mwaka hadi mwaka wa gari lilelile, na nyaya za alamu za kampuni mbili hazifanani.

Mita haisemi uongo. Kwanza fundi hufungua plastiki iliyo karibu na mguu wa dereva, upande wa mlango, ambapo nyaya za mlango hupita ndani ya mpira kuingia ndani ya gari. Kisha huweka mita kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu na kufanya hivi:

Kupima lugha ya hasi, kidole chekundu cha mita hushikwa kwenye chanya, na cheusi kwenye waya unaoshukiwa. Mtu mwingine anabonyeza "funga". Mita ikiruka mpaka 12 wakati wa kubonyeza tu, waya huo umegusishwa kwenye hasi. Umepata.

Kupima lugha ya chanya, cheusi hushikwa kwenye bodi na chekundu kwenye waya. Mita ikionyesha 12 wakati wa kubonyeza tu, hiyo ni ishara ya chanya, au ni lugha ya kugeuza. Kutenganisha hizo mbili, stima huondolewa kisha unapimwa ukinzani kati ya waya na bodi wakati hakuna anayebonyeza. Nyaya zote mbili zikionyesha karibu ohm sufuri, zinapumzika kwenye bodi, na hiyo ni lugha ya kugeuza.

Wengine hutumia taa ya kupimia, yaani balbu yenye waya na msumari. Balbu hiyo hunywa stima nyingi, na ukiigusisha kwenye waya mwembamba wa kompyuta ya gari yaweza kuleta hasara. Mita hunywa stima kidogo mno. Tena kuna nyaya ambazo hazipimwi kwa chochote: zile zilizovikwa plastiki ya manjano au zenye viungio vya manjano, ambazo aghalabu ni za mifuko ya hewa ya kumkinga dereva. Mfuko huo hulipuka kwa ishara ndogo sana. Mjomba akiona rangi ya manjano huondoa mkono kama aliyeona nyoka.

Mpangilio wa kazi

Baada ya kujua lugha, kazi hufuata taratibu hii.

Kwanza, hasi ya betri hufunguliwa kabla ya kukata au kuunga waya wowote. Hurudishwa wakati wa kupima tu.

Pili, hasi ya alamu hufungwa kwenye chuma safi kilichokwanguliwa rangi. Hasi legevu ndiyo mama wa maajabu yote: king'ora kulia usiku bila sababu, milango kufunguka yenyewe, taa kumeta ovyo.

Tatu, chanya ya alamu huchukuliwa mahali penye stima wakati wote, na fyuzi huwekwa karibu na chanzo, si karibu na alamu. Ukiiweka mwisho wa safari, waya wote ulio kabla yake hauna ulinzi.

Nne, waya wa kujua kama gari limewashwa huungwa kwenye swichi ya ufunguo, na zile nyaya za indiketa huungwa kushoto na kulia.

Tano, waya wa milango huungwa kwenye swichi ya taa ya ndani, ile inayowaka mlango ukifunguliwa. Waya huu ndio alamu hujulia kama mtu amefungua mlango. Tafadhali usiusahau, nitaurudia sasa hivi.

Sita, nyaya za kufunga na kufungua huungwa kulingana na lugha tuliyoipata. Kila kiungo hulehemiwa au hubanwa kwa kibanio kinachofaa, kisha kikavikwa. Kusokota tu na kuzungushia tepu hakutoshi. Barabara zetu zina mashimo, gari hutikisika, na joto la dashibodi huyeyusha gundi ya tepu. Baada ya miezi michache waya uko uchi.

Fyuzi nayo isidharauliwe. Kidato hiki tumejifunza kwamba joto kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Waya wenye chanya ukigusa bodi bila fyuzi, betri hutema mamia ya ampea, na plastiki huanza kutoa moshi kabla dereva hajapata pa kuegesha.

Waya mmoja uliosahauliwa

Nilisema nitaurudia ule waya wa mlango. Alamu nyingi zina desturi ya kujilinda. Ukibonyeza "fungua" kisha usifungue mlango wowote kwa muda wa sekunde 30 hivi, alamu hudhani ulibonyeza kwa bahati mbaya ukiwa mfukoni, basi inafunga tena yenyewe. Ni desturi nzuri. Lakini kama ule waya wa mlango haukuunganishwa, alamu haiwezi kujua kwamba mlango ulifunguliwa. Itafunga tu.

Mama mmoja jirani yetu huuza mboga na ana Probox aliyonunua kwa mkopo. Alifungiwa alamu mahali fulani kwa bei nafuu, akaambiwa kila kitu kiko sawa. Siku moja saa sita za mchana aliegesha sokoni. Alifungua gari, akamlaza mtoto wake wa miezi 10 kwenye kiti, akaweka mkoba wenye ufunguo na rimoti kando yake, akafunga mlango ili azunguke nyuma apakie magunia ya sukuma wiki. Kabla hajafika kwenye buti akasikia "klak". Milango yote ilikuwa imefungwa na jua lilikuwa la utosi. Gari lililofungwa vioo juani ni jiko, na mtoto mchanga hana subira ya jiko. Watu walikusanyika, huyu ana ushauri huu, yule ana ule. Mwenye mkokoteni mmoja hakungoja ushauri. Alichukua jiwe akavunja kioo kidogo cha nyuma, akaingiza mkono, mlango ukafunguliwa. Mtoto alikuwa amelowa jasho na kulia hadi sauti imekauka, lakini alikuwa mzima. Mshukuruni Mungu pamoja nami.

Gari lilipoletwa kwa mjomba, mimi ndiye niliyeshika tochi. Nyuma ya plastiki ya mguu wa dereva ule waya wa mlango ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa tepu, haukuwahi kuunganishwa popote. Kuuunganisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Mjomba hakuongea sana. Alimwambia yule mama, "Dada, rimoti isitoke mwilini mwako. Hata mimi nikikufungia, mashine ni mashine." Naye mama akaitikia, "Nimesikia, fundi." Tangu siku hiyo huivaa shingoni kwa kamba.

Nimeileta habari hii ili msidhani kwamba kosa kwenye kazi hii ni hasara ya pesa peke yake.

Betri na injini

Alamu haiwahi kulala kabisa. Hata gari likizimwa, yenyewe inasikiliza. Alamu nzuri hunywa takribani miliampea 20, yaani ampea 0.02. Tuseme betri ni ya ampea-saa 45. Gawa 45 kwa 0.02, utapata saa 2,250, karibu siku 94. Hiyo si mbaya. Lakini alamu iliyoungwa vibaya ikanywa ampea 0.2, hesabu inakuwa saa 225, yaani siku 9 na ushei. Na kumbuka gari hukataa kuwaka zamani kabla betri haijakauka kabisa. Ndiyo maana fundi mwangalifu hupima mkondo unaovuja kabla hajapokea malipo yake.

Alamu nyingi pia huja na rilei ya kuzima injini. Hapa kuna hatari kubwa. Wako wanaoiunga kwenye pampu ya mafuta au kwenye stima ya kuwasha injini, ili gari likiibwa lizimike njiani. Sasa fikiria rilei hiyo iharibike ukiwa na abiria kwenye mteremko wa Sachangwan, nyuma yako kuna trela. Injini ikizimika, usukani unakuwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Mjomba huiunga kwenye waya wa stata tu. Hivyo mwizi hawezi kuliwasha gari, lakini gari linalokwenda halizimwi na alamu.

Mwizi naye amesoma

Zamani rimoti za bei rahisi zilituma namba ileile kila ukibonyeza. Mwizi mwenye kifaa cha kunasa mawimbi aliinasa namba hiyo, akasubiri uondoke, akaituma tena, na gari likamfungulia kama bwana wake. Dawa yake ni rimoti yenye namba inayobadilika. Rimoti na alamu hushiriki siri moja na hesabu moja, na kila ukibonyeza hutoka namba mpya. Namba ya jana ikirudi, alamu huikataa.

Jambo la kutufurahisha Waafrika ni kwamba mojawapo ya mifumo maarufu ya aina hiyo, KeeLoq, ilibuniwa na kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Mwaka wa 1995 iliuzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani, ikaenea duniani. Hata hivyo siri haidumu milele: mwaka wa 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kule Bochum, Ujerumani, walionyesha namna ya kuivunja. Mwerevu hupata mwerevu wake.

Wezi wengine hawahangaiki na namba. Hupiga kelele ya redio kwenye masafa ya rimoti wakati unapobonyeza, gari lisisikie kitu. Wewe unaondoka ukidhani umefunga. Dawa ya huyu haiuzwi dukani. Bonyeza, tazama indiketa zimete, sikia "klak", kisha vuta kishikio cha mlango kwa mkono wako. Kwa sababu hiyo zile nyaya za indiketa si za urembo. Ndizo jibu la gari kwako kwamba salamu imefika.

Maneno ya kubeba nyumbani

Mzazi au jamaa yako akitaka kufunga alamu, mwambie amuulize fundi maswali haya matano. Umepima kwa mita au umetazama rangi? Fyuzi iko wapi? Waya wa mlango umeunganishwa? Viungo vimelehemiwa? Rilei ya injini iko kwenye stata au kwenye pampu? Fundi anayejua kazi atajibu akitabasamu. Anayekasirika, mwachie alamu yake. Rahisi yaweza kuwa ghali, na kinga ni bora kuliko tiba.

Na kwenu wanafunzi wenzangu mnaosema Fizikia haina kazi: kanuni ya Ohm, sumaku-umeme na joto la mkondo zinaliwa na watu hapa mjini kila siku. Fundi aliyejifunzia jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti kwa daraja. Mjomba wangu ana chake, amekitundika ndani ya kontena karibu na kalenda, na mafuta ya injini yamekitia doa pembeni.

Walimu wetu, naomba mwaka ujao Chama cha Kiswahili na Chama cha Sayansi tukutane siku moja, tulete rilei, betri na mota ya mlango mezani, tueleze yote haya kwa Kiswahili mbele ya shule nzima. Mota ya zamani ninayo tayari. Kinachokosekana ni betri, na chumba chenye meza isiyoyumba.